Mheshimiwa Akwama Langoni

Jumamosi hiyo, saa tatu na robo asubuhi, Mzee Ephantus Kibe alimvua Mheshimiwa turubai.

Mheshimiwa hakuwa mtu. Alikuwa gari jeusi, refu, lenye viti vya ngozi, ambalo mzee alilinunua mwaka aliomaliza kujenga nyumba zake za kupangisha hapo Kinoo. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumwita gari. Miaka miwili sasa alikuwa hajakwenda mbali zaidi ya kanisani, na hata huko alikwenda Pasaka na Krismasi tu, kwa sababu kiu yake ya petroli haikuwa ya mchezo. Kazi yake kubwa ilikuwa kusimama kibandani, kupanguswa vumbi, na kusifiwa na wageni.

Shiku alimwona babake kupitia dirisha la jikoni.

"Mami, mbona Baba anatoa hiyo gari?"

Mamake, Veronicah, alikuwa amezamisha mikono yote miwili ndani ya unga wa chapati. Hakuinua hata uso.

"Si ni wewe ulimwambia huyo kijana anakuja na gari? Amesema hawezi kupitwa na mgeni kwa lango lake mwenyewe. Anataka kuliweka pale nje, wakifika waanze nalo."

Shiku alishika ukingo wa sinki. Chapati zilikuwa zinanukia vizuri, shangazi zake walikuwa wanachekelea uani wakijifunga leso kiunoni, na saa nne kamili wageni wangefika kwa mara ya kwanza kuona nyumbani kwao. Ilikuwa siku ambayo msichana yeyote angeiota. Tatizo lilikuwa moja tu. Tobias hakuwa na gari. Alikuwa na baiskeli.

Msomaji usimhukumu Shiku haraka. Wiki mbili nyuma, mezani, babake alimuuliza swali moja tu kuhusu mwanamume aliyempenda. Hakuuliza anasali wapi, wala kama ana hasira za karibu. Aliuliza, "Anaendesha nini?" Na Shiku, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mpima macho katika duka la miwani katikati ya jiji, ambaye kutwa nzima huwaambia watu wazima ukweli wasiotaka kuusikia kuhusu macho yao, alimeza mate akajibu, "Ana gari, Baba." Babake akafurahi. Akamwita "maitu", yaani mama, jinsi alivyomwita siku zote alipokuwa na furaha naye, kwa maana Shiku alibeba jina la nyanyake aliyemzaa mzee. Baada ya kuitwa hivyo, ulimi ulikuwa mzito kurudi nyuma.

Alimwambia Tobias siku ya Jumanne, katika mkahawa mmoja karibu na kazini kwake, saa ya chakula cha mchana. Tobias Wesonga alikuwa amekuja kutoka Westlands, ambako alichora ramani za mabomba ya maji katika ofisi ya wahandisi. Alitundika kofia yake ngumu ya baiskeli kwenye kiti, akaketi, akatabasamu. Lilikuwa lile tabasamu lililomkamata Shiku mwaka mmoja uliopita kwenye foleni ya Kangemi. Siku hizo Shiku, akiwa ndani ya gari lake, alikuwa akimpita asubuhi pale Uthiru, kisha Tobias anampita yeye Kangemi, kila siku, hadi asubuhi moja akagonga kioo na kumwambia, "Madam, tairi yako ya nyuma inaenda chini." Aliibadilisha palepale. Kilichobaki kilikuwa ni Shiku kutafuta sababu ya kupata pancha nyingine.

"Umemwambia niko na nini?" Tobias aliuliza Jumanne hiyo, kikombe kikiwa njiani kuelekea mdomoni.

"Gari. Tobias, ni kitu ya siku moja tu. Tukodishe moja, ukuje nayo, jioni urudishe."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nini?"

"Babako akinikuta Waiyaki Way na helmet, nimwambie huyo ni pacha wangu?"

Shiku alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa sababu amecheka.

"Wewe unaona ni mchezo. Humjui Baba. Kwake mtu wa baiskeli ni mtu wa kuleta maziwa. Atafunga lango, na akifunga amefunga."

"Shiku, toa simu yako."

"Ya nini?"

"Soma message za mwezi uliopita. Zile za gari peke yake. Sitaki kuziona, jisomee tu."

Alitoa simu kwa ubishi, ili amshinde. Akaanza. Mkopo wa benki. Bima. Mafuta, mafuta, mafuta tena. Maegesho ya jiji, siku ishirini na mbili. Fundi wa Kangemi, mara mbili, na mara ya pili ilikuwa ni kurekebisha alichoharibu mara ya kwanza. Kuoshwa. Faini ya kuegesha vibaya siku aliyokimbilia dawa ya mamake. Alijumlisha, akajumlisha tena.

"Ni zaidi ya nusu ya mshahara," alisema polepole.

Tobias hakuonyesha kushangilia. Alisogeza tu sahani ya mandazi upande wake.

"Mimi nilikuwa nayo miaka tatu," alisema. "Usidhani naongea kwa wivu. Nilikuwa naamka kufanyia gari kazi. Nikaiuza, nikanunua baiskeli ya mtumba, na mwaka huo huo mama akahama nyumba ya udongo kule Bumula, akaingia ya mawe. Sasa kutoka Uthiru hadi kazini ni dakika thelathini na tano, kuwe na jam kusiwe na jam."

"Na mvua?"

"Mvua nanyeshewa. Sikatai. Juzi lori limenimwagia maji yote ya Kangemi, nimeingia mkutano nikiwa kama nimetoka mtoni. Na kuna madereva wanaona baiskeli kama kuku barabarani. Yote hayo ni kweli."

"Na tukipata mtoto, utambeba na keria?"

Alilisema neno "mtoto" kabla ya kulifikiria. Uso wa Shiku ukawaka moto. Tobias alimtazama kwa muda, na mtazamo ule ulimfanya Shiku atamani meza ile isingekuwapo.

"Siku hiyo tutakaa chini tuhesabu upya," Tobias alisema kwa upole. "Labda tutanunua. Siapi kwamba sitawahi kununua gari. Lakini sitanunua gari kwa sababu ya lango la mtu. Na sitaingia kwa babako mara ya kwanza na uongo wa kukodi. Mwambie ukweli, Shiku. Ama niache nimwambie."

"Siwezi."

"Unaweza."

"Nimesema siwezi!" Watu wa meza ya pili waligeuka. Shiku alisimama, akanyakua mkoba, machozi yakimlengalenga. "Njoo na gari, ama usije."

Ndivyo walivyoachana. Siku tatu hazikuwa na simu wala salamu. Shiku aliendesha gari lake asubuhi akitazama kioo cha pembeni, akimtafuta Tobias kwenye foleni. Alimkosa sana, akakosa hata usingizi. Ijumaa jioni ujumbe mmoja uliingia: Nitakuja saa nne. Hakusema atakuja na nini.

Basi sasa ilikuwa Jumamosi, na Mheshimiwa alikuwa ananguruma uani.

Mzee Kibe, ndani ya suti ya kahawia na kofia yake ya sikukuu, alimteremsha taratibu kuelekea langoni. Uwanja wao ulikuwa na mteremko kidogo, nyumba ikiwa juu na lango chini. Shangazi walipiga vigelegele. Mheshimiwa alifika langoni, akatoa pua nje, akakohoa mara moja, akanyamaza.

Mzee alizungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik, tik. Kisha hata hiyo tik ikaisha.

"Betri," alisema mmoja wa wapangaji aliyekuwa akichungulia.

"Nani amekuuliza?" mzee alifoka.

Gari lilikuwa limejaa lango lote, nusu ndani, nusu nje. Sasa hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Kwa desturi, wanawake wa nyumbani hufunga lango, wageni wakaimba nje na kubembeleza na kutoa kitu kidogo, ndipo hufunguliwa. Lango lenye gari katikati haliwezi kufungwa. Na lisipofungwa, litafunguliwa vipi? Shangazi walisimama na nyimbo zao kooni, wasijue waanzie wapi.

Shiku alitoka jikoni. Hakutakiwa kuonekana hata kidogo, maana msichana anayekujiwa hukaa ndani hadi aitwe. Lakini aliona shingo ya babake, jasho likiingia kwenye kola, akajua kwamba mzee yule alikuwa anaaibika kwa sababu ya maneno yake yeye. Alikaribia dirisha la gari.

"Baba, kuna kitu nataka kukuambia."

"Maitu, si sasa."

"Baba, tafadhali—"

"Nimesema si sasa!"

Na kweli muda ulikuwa umekwisha, kwa sababu wimbo ulisikika njiani. Wageni walikuwa wameshuka kwenye gari la kukodi pale kona, wakaja kwa miguu: wajomba wawili waliobeba kreti za soda, kina mama wenye vikapu vya unga na sukari, na mbele yao Shangazi Nakhumicha wa Bungoma, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Kando yake, ndani ya suti ya kijivu iliyonyooshwa, mguu mmoja wa suruali ukiwa umechomekwa ndani ya soksi, alitembea Tobias. Alikuwa anasukuma baiskeli.

Macho yao yalikutana juu ya paa la Mheshimiwa. Shiku alitarajia kukasirika. Badala yake alihisi furaha ikimpanda toka tumboni, furaha ya wazi kabisa, kwa sababu alikuwa amekuja. Alikuwa amekuja jinsi alivyo, kama alivyosema.

Wimbo ulikoma. Mzee Kibe aliteremsha kioo kwa mkono.

"Wewe ndiye Tobias?"

"Ndio mimi, mzee. Shikamoo."

"Gari lako liko wapi?"

Tobias alitua. Alimtazama Shiku kidogo tu, kisha akamrudia mzee.

"Nimekuja na baiskeli, mzee."

"Niliambiwa una gari."

Tobias hakujibu. Angeweza kusema neno moja tu na kujitoa lawamani. Hakulisema. Alisimama pale, ameshika usukani, akalipokea jina la mwongo mbele ya wajomba zake na shangazi yake.

"Kumbe umeanza na kunidanganya," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ambayo ndiyo mbaya. "Mtu anayekuja kwangu na uongo siku ya kwanza, siku ya kumi atakuja na nini? Mama, chukua watu wako mrudi."

Shangazi Nakhumicha alifungua mdomo. Lakini kabla hajatoa neno, Shiku alikuwa amejipenyeza kati ya gari na nguzo ya lango. Gauni lake la rangi ya maziwa lilipangusa vumbi lote la ubavu wa Mheshimiwa. Alitokea upande wa pili, nje, kwa wageni, akasimama kando ya baiskeli. Shangazi zake walishika vichwa.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi, Baba. Mimi ndiye nilikudanganya. Yeye amekataa siku ile ile nilimwambia. Tumegombana hata."

"Wanjiku!"

Hakumwita maitu. Jina lake kamili lilimchoma, lakini hakurudi nyuma.

"Uliniuliza anaendesha nini, nikaona aibu. Ungeniuliza ni mtu wa aina gani ningekujibu hadi asubuhi. Baba, mimi nina gari. Unalisifu kanisani. Mwezi uliopita limekula zaidi ya nusu ya mshahara wangu, ndiyo nikaja kukuomba pesa ya viatu, nikakuambia mshahara umechelewa. Huo nao ulikuwa uongo. Huyu mtu hajawahi kuniomba hata shilingi hamsini, na amesimama hapa ukimwita mwongo, ananifichia. Kama lango ni la kufungwa, nifungieni mimi. Yeye hajakosa."

Shiku alihisi mkono wa Tobias ukigusa kiwiko chake, mara moja tu, kwa heshima, ukaondoka. Ulitosha.

"Mzee," Tobias alisema, "mimi sidharau gari. Hili lako ni zuri kweli. Lakini kila mtu na hesabu yake. Ile pesa gari ilikuwa inakula, sasa inafanya kazi nyingine. Mbuzi wa mahari, ambao siku moja ningependa tukae tuwaongelee, wako Bumula wanakula nyasi. Hakuna hata mmoja ako na loan."

Mjomba mmoja aliangua kicheko, akakimeza haraka. Upande wa ndani, shangazi mmoja wa Shiku naye alijiziba mdomo na leso. Ndipo Veronicah akatokea, unga ungali mikononi.

"Baba Shiku," alisema, "kwa ploti yetu ya wapangaji kuna magari saba. Hebu waambie wageni, wenye hayo magari ni wangapi wamelipa nyumba mwezi huu?"

Aliyejua hesabu hiyo vizuri kuliko wote alikuwa mzee mwenyewe, aliyegonga milango hiyo saba kila tarehe kumi. Alitazama mbele kupitia kioo. Akamtazama yule kijana, suruali ndani ya soksi, asiyeinamisha macho wala kuyakaza. Kisha, kwa kuwa mwanamume wa umri wake hawezi kushindwa hivi hivi mbele ya dada zake, akazungusha ufunguo kwa mara ya mwisho.

Mheshimiwa hakusema hata tik.

Tobias aliegemeza baiskeli ukutani. Alivua koti, akamkabidhi Shiku, akakunja mikono ya shati.

"Mzee, weka free," alisema. "Shikilia usukani tu. Tutakurudisha ndani."

"Ni mlima," mzee alinung'unika.

"Mimi hupanda wa Kangemi kila jioni."

Sijui kama mzee alitabasamu. Kofia yake ilikuwa imeshuka. Kilichoonekana ni mkono wake ukisukuma gia.

Tobias aliweka mabega kwenye pua ya gari. Wajomba walitua kreti zao, wakajiunga. Shangazi Nakhumicha alifunga leso upya, akaweka viganja juu ya boneti, akaanzisha wimbo wa kazi ambao watu wa Kinoo hawakuyajua maneno yake lakini miguu yao iliuelewa. Gari lilitikisika. Likasogea kidole. Likasogea hatua. Shiku alitupa koti begani, akasukuma pia, viatu vya kisigino vikichimba udongo wa murram, bega lake likigusana na la Tobias, na hakuna aliyethubutu kumwambia arudi ndani. Shangazi wa nyumbani waliokusudia kuwazuia wageni walijikuta wanapisha huku na huku, na kisha, kwa kuwa wimbo ni wimbo, wakaitikia na kupiga vigelegele.

Ndivyo ukoo wa Wesonga ulivyoingia kwa Kibe: wote kwa pamoja, wakiimba, jasho likiwatoka, wakimrudisha Mheshimiwa kinyumenyume hadi kibandani, na mwenye nyumba ndani yake ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Na pesa ya lango?" shangazi mmoja alikumbuka, amechelewa. "Wameingia bure hawa!"

Mzee Kibe alitoa kichwa dirishani.

"Wewe utamtoza mtu anayenisukuma?" alisema. "Lango limelipwa. Leteni viti."

Walikula, wakanywa, wakazungumza. Wazee walijuana, majina yakatajwa, na Shangazi Nakhumicha alimfanya Mzee Kibe acheke mara mbili, jambo ambalo Veronicah alisema atalisimulia hadi uzeeni. Mzee aliinuka mwishoni, akasema nyumba imewaona wageni na imewapenda, na kwamba warudi mwezi ujao kwa ajili ya mazungumzo ya mbuzi. Vigelegele vilipanda hadi barabarani. Shiku, aliyeitwa sasa rasmi kana kwamba hakuna aliyemwona asubuhi, aliketi kati ya shangazi zake na gauni lake lenye doa jeusi la vumbi, akalia kwa furaha bila kujificha.

Alipomsindikiza Tobias, walitembea polepole, baiskeli ikiwa kati yao.

"Nilikuambia usije," alisema.

"Uliniambia nije na gari. Si nimekuja na moja nikisukuma?"

Shiku alimpiga begani kidogo, kisha akaacha mkono wake hapohapo.

"Jumatatu naweka langu sokoni," alisema. "Nikimaliza mkopo, utanifundisha kupita Kangemi bila kuogopa."

"Tutaanza na barabara za ndani, Jumapili, kukiwa kimya," Tobias alisema. "Nitakuwa nyuma yako njia yote."

Walitazamana, na kama wazee wasingekuwa nyuma yao hatua chache, hadithi hii ingekuwa ndefu zaidi.

Mzee Kibe alikuwa amewafuata hadi langoni. Aliizunguka baiskeli, akaibonyeza tairi kwa kidole gumba, akapiga kengele mara moja. Akaitikia kwa kichwa.

"Maitu," alimwambia Shiku, "mletee mgeni koti lake."

Kisha akamgeukia Tobias, akampa mkono, akaushikilia.

"Siku ya mbuzi, njoo mapema," alisema. "Na usije na gari."